Kikohozi cha Koplo

Shangazi Hawa alifariki mwezi uliopita, kwa uzee tu, amelalia ubavu wa kulia kama alivyotufundisha sote kulala tukiwa watoto. Kwenye matanga yake pale Oli, mtaa wake wa Arua, niliwekwa chumbani mwake pamoja na wanawake waliotoka Koboko, tukakaa mikekani tukipokea pole na vikombe vya chai. Mchana wa siku ya pili, mzee mmoja aliyekuwa ameketi nje, nyuma ya chumba, alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha kawaida cha mtu aliyepaliwa. Wenzangu waliendelea na mazungumzo yao. Mimi nilinyamaza, kikombe mkononi, nikatega sikio ukutani nikingoja kusikia kama kitafuatwa na kingine, na kama hicho kingine kitatoka nje au ndani. Binamu yangu akaniuliza, "Una nini?" Nikamwambia sina kitu. Ningemwelezaje kwamba mimi, mwanamke mwenye wajukuu, niliyefundisha shule maisha yangu yote, bado siwezi kusikia kikohozi nyuma ya ukuta ule bila kujiuliza ni cha nani hasa?

Mwaka ninaoukumbuka ulikuwa wa pili tangu shangazi arudi kutoka Zaire, mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilitumwa kutoka Koboko nikae naye ili nisome sekondari pale mjini Arua, na asubuhi na jioni nimsaidie katika hoteli yake. Hoteli lilikuwa neno kubwa kwa kile kibanda cha matete mbele ya nyumba, chenye meza mbili ndefu na mabenchi, lakini chakula chake kilikuwa na sifa. Alipika gurusa, ule mkate mwembamba wa Kinubi, juu ya bamba la chuma. Alipika maharage ya simsim, na mchuzi wa samaki mkavu kwa ugali mweusi wa muhogo na mtama. Madereva wa malori walikula pale, na makarani wa ofisi, na wanawake wa sokoni waliokuja kufunga biashara zao mezani huku wakilamba vidole. Mume wa shangazi alikuwa amefia uhamishoni. Watoto hakuwa nao. Ile hoteli ndiyo ilikuwa mume wake na watoto wake, na alijua vizuri kwamba mpishi anaishi kwa mdomo wa watu. Wakisema ana mkono mtamu, anakula. Wakisema neno jingine, jioni hiyo hiyo moto wake umezimika.

Na watu wakati ule walisema maneno mengi. Waliokimbilia Zaire na Sudani wakati wa vita walikuwa wamerudi na kukuta wengine wamerudi kabla yao, au hawakuondoka kabisa, na kila mmoja alitembea akiangalia mabati na madirisha ya mwenzake. Shangazi aliikuta nyumba yake haina paa wala mlango. Aliezeka upya, lakini hakuacha kutafuta mali yake ya zamani. Tulipokwenda sokoni alikuwa akiinua macho juu ya nyumba za watu na kuniambia polepole, "Bati lile la pili, lenye tundu la risasi. Nalijua." Zaidi ya yote aliutazama mlango wa jiko la jirani yetu, Ayiko. Ulikuwa mlango wa mbao nyekundu wenye vipande vitatu vya mbao vilivyokingama, na shangazi aliapa kwamba ndio wake. Nilimwuliza kwa nini asimwulize mwenyewe. "Ukimwuliza mtu," akasema, "unampa nafasi ya kusema uongo. Ukimnyamazia, siku moja atajisahau." Basi alimnyamazia. Walisalimiana kila asubuhi juu ya ua wa matete, "Umeamkaje, Mama Hawa," "Salama, Baba Candia," kwa jina la mwanawe, na kila mmoja akarudi kwake na mawazo yake. Ayiko alikuwa Mlugbara, mjane, mtu mrefu wa maneno machache, na sokoni aliuza dawa ya panya na dawa ya kupe kwenye meza yenye turubai. Kwa jirani anayeshukiwa, hakuna biashara mbaya kuliko hiyo.

Koplo alikuwa mbwa wa marehemu mume wa shangazi. Jina alipewa kwa sababu marehemu mwenyewe, kwa miaka yote aliyolitumikia jeshi, hakupanda zaidi ya hapo, na alisema haifai mbwa wake ampite cheo. Koplo alivuka mpaka akiwa mtoto ndani ya kikapu, akarudi kwa miguu yake akiwa mzee, pua imekuwa nyeupe na macho yana ukungu. Sisi ni Waislamu, na majirani wa dini yetu walimlaumu shangazi kwa kufuga mbwa mahali panapouzwa chakula. Kwa hiyo Koplo hakuruhusiwa hata siku moja kuvuka mstari wa jiko. Sehemu yake ilikuwa nyuma, chini ya upenu uliojengwa kwenye ukuta wa chumba cha shangazi, juu ya gunia. Ukuta ule ulikuwa wa udongo, mwembamba, una nyufa. Mbwa akijikuna, ndani unasikia. Mtu akijigeuza kitandani, nje unasikia.

Kikohozi kilianza kiangazi, wakati vumbi la barabarani lilikuwa linaingia hadi kwenye chumvi. Mwanzoni nilicheka, kwa maana Koplo alinyoosha shingo na kufungua mdomo kama mzee anayetaka kutoa mwiba wa samaki, akakohoa kwa kishindo, na mwishoni hakuna kilichotoka ila mate kidogo. Halafu aliniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemkatiza. Baada ya wiki kadhaa hakuna aliyecheka. Alikohoa alfajiri, akakohoa adhuhuri watu wakila, akakohoa akinywa maji. Dereva mmoja alisema amemeza mfupa, nikamfungua mdomo na kuingiza mkono mpaka kwenye koo, sikupata mfupa. Mwanamke wa sokoni alisema ni moshi wa jiko, tukahamishia moto upande mwingine, hakikubadilika kitu. Tulimpa asali. Tulimpa samli yenye tangawizi, akailamba vizuri sana na kukohoa vilevile. Wateja wakisikia sauti ile nyuma ya nyumba waliuliza, na shangazi alijibu bila kuinua uso, "Ni mbwa. Mzee." Wakaendelea kula.

Kisha asubuhi moja shangazi alileta kipande cha nyama juu ya jani, kimeoza, kimejaa sisimizi. Alisema amekiokota kando ya ua wa Ayiko. "Sasa umeona," akaniambia. Kwangu alizungumza Kinubi, nami nayaandika maneno yake kwa Kiswahili cha shule. "Anamlisha sumu kidogo kidogo. Mbwa akifa, ua utasogea usiku mmoja mpaka dirishani kwangu, na hakuna wa kubweka." Nilimwamini. Nilikuwa katika umri wa kuamini kwamba watu wazima wanaoshuku sana ndio wanaojua sana. Nikaanza kumchungulia Ayiko kupitia matete: anavyokunja karatasi za dawa yake, anavyonawa mikono baadaye, anavyosimama dakika nzima akiutazama ukuta wetu akidhani haonekani. Shangazi alilisema jambo hilo kwa mtu mmoja, na Arua wakati ule mtu mmoja alitosha. Wanawake walioteta juu ya Koplo sasa walimwonea huruma. Na sokoni watu walianza kuipita meza yenye turubai bila kusimama, kama inayonuka.

Mimi nilimpeleka mbwa kwa daktari wa mifugo bila kumwambia shangazi, maana nilitaka ushahidi. Msichana aliyejifunga mtandio akiburuta mbwa kwa kamba katikati ya mji ni jambo watu wanalolikumbuka, na nilisikia vicheko mpaka nilipofika. Daktari alikuwa kijana aliyezoea ng'ombe. Alipiga magoti, akavaa masikioni ile mipira yake ya kusikilizia na kuiweka kifuani mwa Koplo, akasikiliza muda mrefu.

"Wanasema amepewa sumu ya panya," nikamwambia.

"Nani anasema?"

"Watu."

"Sumu ya panya haina subira hivi," akasema. "Huyu angekuwa amekufa zamani. Inaweza kuwa moyo, moyo wa mbwa mzee unavimba, unakandamiza mapafu. Inaweza kuwa minyoo. Sina mashine ya kuangalia ndani." Akasimama na kupangusa magoti. "Nyumbani kwenu nani anakohoa?"

"Hakuna mtu. Ni mbwa tu."

Alinitazama kidogo, kisha akafunga vidonge vya minyoo kwenye karatasi. Njiani nilikasirika. Nilikwenda kutafuta ushahidi dhidi ya jirani, nikarudi na swali kuhusu nyumba yetu. Nilipomwambia shangazi kwamba daktari amekataa habari ya sumu, nilitegemea atanikemea kwa kwenda bila ruhusa. Hakunikemea. Aliuliza jambo moja tu: "Alikuuliza nini kingine?" Nikasema hakuniuliza kitu. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani ni kwa sababu aliuliza haraka mno.

Maneno yalipozidi, Ayiko mwenyewe ndiye aliyelipeleka shauri kwa mwenyekiti wa kamati ya mtaa, ambaye sote tulimwita cheamani. Alisema jina lake linakufa na watoto wake hawali. Cheamani alikuwa fundi baiskeli, mtu wa akili ya kutenda. Alikuja, akamtazama mbwa, akautazama ua, akasema, "Hii maneno iko rahisi. Peleka mbwa mbali, akae huko mwezi moja. Kama anapona, basi hapa iko mutu au kitu inamuharibu. Kama hapana pona, basi ni uzee, na hakuna mutu atasema tena jina ya Ayiko." Ayiko akakubali papo hapo. Shangazi akakataa. Alisema mbwa ni mzee, atafia njiani. Alisema mji una wezi. Alisema mbwa ni amana ya marehemu. Alitoa sababu moja baada ya nyingine, uso wake ukibadilika, na mimi niliyemjua nikaona kwamba si hasira. Ilikuwa hofu. Lakini shauri likawa limekatwa, na wiki ile ile nilipanda lori la muhogo na Koplo miguuni, juu ya magunia, mpaka Koboko, na kutoka hapo kwa miguu hadi Lurujo, kwa Mjomba Kassimu, askari mstaafu aliyekuwa akilima simsim. Nilimweleza kila kitu: asikilize kikohozi, kama kinapungua atume habari. Mjomba aliitika kwa kichwa, akasema "Vizuri, vizuri," akamfunga mbwa chini ya ghala.

Nilirudi Arua jioni. Asubuhi iliyofuata nilikuwa nikigawa chai mezani wakati kikohozi kilipotoka nyuma ya nyumba. Kirefu, cha ndani, kinachoishia na mkwaruzo. Dereva wa lori, mgeni asiyejua habari zetu, aliinua kichwa. Na kabla sijaelewa ninachosikia, sauti ya shangazi ikatoka chumbani, kali, "Nyamaza, Koplo."

Dereva akarudi kwenye gurusa yake. Mimi nilisimama na birika mkononi. Nakumbuka kitambaa cha meza kilikuwa na maua ya kijani, na kwamba chai ilikuwa inamwagikia sahani na hakuna aliyeniambia. Shangazi alitoka baada ya muda, amejifunga vizuri, uso umenawa, akachukua mwiko. Macho yetu yalikutana. Kisha akageukia chungu. Lakini tangu saa ile mambo yalianza kujipanga yenyewe akilini mwangu: shuka alilolifua mwenyewe kila siku na kukataa nilishike, mtandio aliouvuta mdomoni akikoroga chungu, mifupa ya mabega iliyotokeza katika gauni lililokuwa likimbana zamani, kikombe alichokiweka peke yake dirishani. Koplo alikuwa anakohoa kweli, hilo halikuwa uongo. Lakini nyuma ya kikohozi chake kulikuwa na kingine kilichojificha, kikisubiri mbwa aanze ndipo nacho kitoke. Na sasa mbwa hayupo.

Anayesoma haya leo inabidi akumbuke miaka ile. Ugonjwa wa silimu, yaani ukimwi, ulikuwa umefika kwetu, na haukuwa na dawa. Mtu akikonda, watu walihesabu wanaume wake. Mjane aliyetoka Zaire, anayepikia madereva, akikohoa na kukonda, nani angengoja kusikia habari za hospitali? Wangemzika akiwa hai. Hilo nalielewa sasa. Wakati ule nilijua tu kwamba ninaogopa, kwamba nalala chumba kimoja na ugonjwa nisioujua jina, na kwamba shangazi yangu alikuwa tayari meza ya mwanamume mwingine ianguke ili yake isimame. Nilianza kumshuku kwa kila kitu. Nikajiuliza kama kile kipande cha nyama alikiokota kweli. Sikumwuliza. Alikuwa amenifundisha mwenyewe kutouliza.

Kisha habari ikaletwa na dereva kutoka Koboko: Mjomba Kassimu anasema mbwa ametulia kabisa, hakohoi tena. Siku ya kikao ikapangwa. Majirani walimpongeza shangazi, naye alipokea pongezi akiwa ameshika ukingo wa meza.

Asubuhi ya kikao Ayiko alikuja kwenye ua. Nilikuwa ninaosha masufuria, na shangazi alikuwa anachambua maharage karibu yangu.

"Mama Hawa."

"Sema."

"Mbwa iko Lurujo."

"Unajua vizuri iko wapi."

"Mimi nasikia kila asubuhi," Ayiko akasema. "Hii ukuta iko nyembamba." Shangazi aliacha kuchambua. Ayiko hakumtazama. Aliyatazama matete kana kwamba anayakagua. "Mimi hapana sema hii kwa cheamani. Hiyo ni maneno ya mwili yako. Lakini enda Kuluva, kwa hospitali ya misheni. Bibi yangu, mama ya Candia, alificha hivi, kule Zaire. Alikuwa nakohoa ndani ya shuka. Wakati mimi nilijua, alikuwa amekwisha." Kisha akaondoka.

Shangazi alikaa na ungo magotini mpaka maji yangu yakapoa. Hatimaye akasema, "Anataka nini huyu?"

"Labda hataki kitu, shangazi."

"Hakuna mtu asiyetaka kitu. Anataka niende Kuluva, nyumba ibaki tupu. Au anataka nimwogope, kisha aje kuudai ua." Alijaribu kila mlango wa hila anaoujua, na kila mmoja aliukuta hauna mtu nyuma yake, na hilo lilimtisha kuliko hila yenyewe. Nilimwambia maneno niliyokuwa nimeyabeba tangu siku ya birika: "Mimi nalala pale na wewe. Kama hutaki kwenda kwa ajili yako, nenda kwa ajili yangu." Alisimama, akavaa gauni la kutokea.

Kikao kilikuwa katika darasa la shule ya msingi. Ayiko alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yamefika kifuani. Cheamani alieleza habari ya Lurujo, akasema, "Mbwa imepona kule. Ayiko, unasema nini?"

"Mimi hapana kuwa na neno."

Watu wakaguna. Mmoja akasema dawa zake zitupwe mtoni. Mwingine akasema ua wake urudishwe nyuma, na mwingine akasema mtu wa namna hii hafai kukaa na watu. Ayiko alitazama mikono yake. Nilingoja aseme. Kila kitu nilichokuwa nimejifunza mwaka ule kiliniambia kwamba atasema sasa, kwamba alikuwa anangoja wasikilizaji wawe wengi. Cheamani akamwuliza mara ya pili, naye akatikisa kichwa tu.

Shangazi akasimama. Alizungumza Kiswahili chetu cha huku, ili wote wasikie.

"Mimi namushuku huyu mutu toka siku niliona mlango ya jiko yake. Mpaka leo nafikiri ule mlango iko yangu." Wachache wakacheka. "Lakini mbwa yangu hapana kugusa. Kikohozi mnasikia kwangu kila asubuhi, hiyo si mbwa. Ni mimi. Toka kiangazi."

Wanawake waliokuwa benchi moja naye walisogea, si kwa ghafla, kila mmoja kidogo, kama watu wanaompisha mtu, mpaka akabaki amesimama peke yake na benchi tupu pembeni yake. Karani mmoja aliyekula kwetu asubuhi ile alijipangusa midomo. Cheamani alikohoa ili azungumze, akaona aibu, akaacha. Ndipo Ayiko alipoinuka kwa shida kutoka kwenye lile dawati, akasema, "Basi maneno imekwisha," na kutoka.

Kule Kuluva walimpima makohozi wakasema ni kifua kikuu, na kwamba dawa ipo. Shangazi aliwauliza mara nyingi kama hawamfichi ile nyingine, mpaka muuguzi akamwambia, "Mama, tungekuwa tunakuficha, tusingekuchoma sindano hizi zote." Mimi nilipimwa nikaonekana mzima. Alilazwa kwa miezi ya sindano, na kila Jumamosi nilimpelekea uji wa mtama na habari. Habari zilikuwa mbaya. Jina la silimu lilikuwa limeshafika sokoni kabla yetu, na hakuna jibu la maabara lililolifukuza. Wiki ya kwanza nilijaribu kupika, nikakaa na chungu kilichojaa mpaka jioni.

Nilikwenda Lurujo kumchukua Koplo. Mjomba Kassimu alinikaribisha, tukakaa chini ya ghala tukila karanga, na mbwa amelala miguuni petu. Koplo akanyoosha shingo, akakohoa kile kikohozi chake, kirefu vilevile, kibaya vilevile. Mjomba alinitazama kwa furaha. "Unaona?" akasema. "Kimya kabisa." Baadaye mke wake aliniambia jikoni kwamba mizinga ya jeshini iliyatia uziwi masikio yake zamani, na kwamba anaona haya, kwa hiyo huitikia kila kitu. Nilicheka mpaka nikalia. Mtu mmoja alificha masikio yake, mwingine kifua chake, na mbwa asiyeficha chochote ndiye aliyepelekwa uhamishoni. Kwa nini alikohoa, hatukujua kamwe. Daktari wa Kuluva alisema pengine alikipata kwa shangazi, pengine hapana, yeye ni daktari wa watu.

Shangazi aliporudi, amenenepa usoni, alikuta mlango wa mbao nyekundu umeegemezwa kwenye ukuta wetu. Ayiko alikuwa ameung'oa na kuuleta bila neno, na jiko lake alilitundikia gunia. Shangazi aliupeleka mwenyewe kwenye fremu ya zamani ya mlango wake wa nyuma, akausimamisha, akausukuma huku na huku. Ulikuwa mfupi kwa karibu kiganja kizima. Alikaa chini akiutazama muda mrefu. Kisha akaniambia tuubebe, nikashika upande mmoja naye mwingine, tukaurudisha kwa Ayiko.

Alifungua hoteli tena, na hakuna aliyekuja. Sasa shida ilikuwa Koplo. Mwanzoni kikohozi chake kilimficha shangazi. Sasa kilimchongea. Wapita njia walisikia sauti ile nyuma ya nyumba, wakamwangalia mwanamke aliyesimama juu ya chungu, wakaongeza mwendo. Binamu zetu wa Koboko walishauri mbwa arudishwe Lurujo, au amalizwe kwa huruma, maana ni mzee na anateseka. Nami, kusema kweli, niliona wana haki. Shangazi alikataa. "Amenibebea muda wote ule," akasema. "Sasa ni zamu yangu kumbebea." Akaendelea kupika kila asubuhi, na jioni tukala wenyewe.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa siku Ayiko alipotoka kwake saa ya chakula cha mchana, barabara imejaa, akaingia bandani. Hakuwahi kula kwetu hata mara moja. Alichagua benchi la nje kabisa, mahali ambapo kila anayetoka sokoni angemwona, akaagiza ugali na samaki. Shangazi alimpakulia, akasimama mbali, mikono kiunoni, akimtazama kama anayengoja aanze kujieleza. Ayiko alinawa, akamega, akala polepole, kama mtu mwenye mchana mzima. Wanawake wawili waliojitwika vikapu walisimama kutazama. Makarani wakasimama nyuma yao. Na wakati huo huo, nyuma ya nyumba, Koplo akaanza, kikohozi juu ya kikohozi, na macho yote ya barabarani yakamgeukia shangazi.

Ayiko hakuacha kutafuna. Alimeza kwanza. Kisha akasema kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara, yule mtu wa maneno machache, muuza sumu ya panya, "Ni mbwa. Mimi naishi hapa, mimi najua sauti ya huyu na sauti ya yule. Hiyo ni mbwa." Akamega tonge lingine.

Karani mmoja alisita, akacheka kwa aibu, akaingia, akaketi mwisho wa benchi. Shangazi hakumshukuru Ayiko, wala hakuacha kumtazama kwa jicho lile la kupima. Lakini alikuja, akachukua sahani yake kabla haijaisha, akaijaza tena bila kuulizwa, kipande cha samaki juu ya kipande, na akasimama pale pale pembeni yake mpaka alipomaliza.